Karani wa Orodha ya Abiria

Karani wetu wa masjala ana kidole gumba kinachojua mate kuliko sabuni. Hukilamba, hufunua ukurasa, hukilamba tena, na ole wako umharakishe. Kalamu yake ameifunga kwa uzi kwenye meza, maana binadamu haaminiki. Anachoamini yeye ni orodha ya abiria wa ile meli iliyozama miaka ishirini iliyopita, ambayo siku hizi hata redio imeisahau. Meli iliruhusiwa kubeba watu mia mbili na, tazama utiifu wake, kwenye orodha wamo mia mbili kamili. Maiti zilizoopolewa zilikuwa mia tatu. Hao mia wa ziada, anasema karani kwa sauti yake ya upole, hawakufuata utaratibu.

Jana alikuja tena yule mama ambaye huja kila mwaka kuomba cheti cha kifo cha mwanawe wa miaka mitatu, aliyesafiri na bibi yake. Karani akalamba kidole, akafunua, akatabasamu.

“Mama yangu, watoto wa chini ya miaka mitano hawakukatiwa tiketi. Na asiye na tiketi, kwa mujibu wa orodha, hakupanda.”

“Hakupanda?”

“Hakupanda, mama.”

“Haya, baba. Kama hakupanda, basi nirudishie.”

Karani akainamia orodha yake. Akapeleka kidole mdomoni, kikatoka kikavu.