Mnyama wa Mfano

Katika ibada ya kumkumbuka mzee Gathogo, huko Chaka, mwanawe Kahiga aliwatambulisha watoto wa marehemu mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Waithira, kitinda mimba, alimruka. Ngoma za Wakorino, waumini wa dhehebu lao, zikaziba pengo, upepo wa mlimani ukapiga turubai, na vilemba vyeupe vikaendelea kuyumba. Waithira hakuwepo. Hakuna aliyeuliza.

Mambo yalianza kabla ya hapo, akiwa daktari wa mifugo, mwalimu katika chuo kimoja cha Nyeri. Baba yake aliuawa na saratani iliyoanzia chini kabisa ya utumbo mpana. Muda wote aliovuja damu alisema ni bawasiri, na Kahiga, mzee wa kanisa, akafunga na kumwombea. Kundi lao halikuamini hospitali. Binti alipofaulu kumfikisha kwenye kamera ya daktari inayochungulia utumbo, ugonjwa ulikuwa umeenea, hapakuwa na la kukata. Baada ya mazishi Waithira alikonda, akawa mkali, mtu asiyesamehe jambo dogo.

Kisha chuo kikapata nafasi ya kujaribu dawa ya saratani hiyo kwa wanyama, na ikabidi achaguliwe mnyama wa mfano, yule anayeugua na kujaribiwa dawa badala ya mtu. Mkuu wa idara, Marete, alitaka panya waliobadilishwa jeni: wanazaa haraka, hawahitaji nafasi, dunia nzima inawatumia. Waithira alimpinga mbele ya wenzake. Panya hao, alisema, uvimbe huwaota zaidi kwenye utumbo mwembamba, na watu wetu wanaugua chini. Wapo nguruwe waliobadilishwa jeni ile ile, nao huugua pale pale anapougua binadamu, na kamera ya hospitali inapita ndani yao bila shida.

Marete alimsikiliza akichokonoa meno.

"Daktari, huu ni utafiti, si matanga ya baba yako."

Watu walicheka. Alipoona Waithira hacheki, Marete akamwambia chuo hakina mahali pa zizi. Akipata ardhi, nguruwe waje. Asipopata, ni panya.

Ardhi ilikuwepo, ile ya Chaka, tambarare na kavu, ambayo baba aliwaachia yeye na Kahiga kwa pamoja. Bila kaka kukubali, hapajengwi kitu. Na Wakorino hawali nguruwe, sembuse kumfuga.

Walikutana sebuleni kwa marehemu, mama yao Njoki akiwa ameinamisha kichwa. Mchungaji Mwaniki alikuwa ametoka Meru kuja kuwapatanisha juu ya ardhi hiyo, naye Kikuyu hakukijua, kwa hiyo wakaongea Kiswahili. Kwa Kikuyu Waithira angezunguka, angetafuta kichaka cha kupitia. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kikamtoka kimenyooka kama sindano: nguruwe, alisema, ndiye mnyama wa mfano bora kwa ugonjwa wa baba.

Kahiga aliweka kikombe chini.

"Ati mfano? Baba alikuwa mfano ya nguruwe?"

Mchungaji alianza kueleza kwamba neno hilo lina maana mbili.

"Wacha aseme mwenyewe, mchungaji. Si ako na digrii?"

Mwaniki alimgeukia Waithira, akamsihi aombe radhi kwa hilo neno tu. Habari ya ardhi wangeirudia Pasaka ikipita. Mlango ulikuwa wazi hivyo. Mama aliinua macho kwa mara ya kwanza, akimtazama binti yake kama mtu anayengoja mvua katika ukame wa Kieni.

"Matumbo yake yalikuwa kama ya nguruwe," Waithira alisema. "Na yako pia, Kahiga. Wewe ulimwombea akivuja damu mpaka kiti kikalowa."

Kahiga hakupaza sauti. Alinyoosha kilemba chake polepole, kwa mikono miwili.

"Toka kwa boma ya baba."

Mchungaji alitazama mkeka. Njoki alikusanya vikombe, hata ambavyo havijamalizwa, akaenda navyo jikoni, na hakurudi. Waithira alipita katikati ya shamba lile tupu hadi barabarani, vumbi jekundu likimpanda viatuni, na hakuna aliyemfuata.

Panya wa Marete walifika kabla ya mvua ya masika. Waithira aliambiwa awasimamie, akakataa, na Marete akamjibu kwamba mlango anaujua.

Siku hizi anaishi Nanyuki, katika chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, na anachanja ng'ombe wa watu.