Harufu Niliyoikana Al-Safa

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyozaa, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri, katika nyumba moja ya ghorofa mtaani Al-Safa, Jeddah. Mpaka leo nikipiga pasi na kitambaa kikaungua kidogo tu, mkono huiachia pasi wenyewe. Keti nikuambie, maana umesema viza imetoka na mwezi ujao unapanda ndege. Sitaki uende na masikio matupu.

Mimi sikusoma sana. Darasa la sita nilitoka, kwetu Mariakani, nikaanza vibarua. Aliyenipeleka Uarabuni ni dalali mmoja wa Mombasa tuliyemwita Mzee Chombo. Namtaja, sina haya naye. Kabla ya safari alitukalisha sakafuni ofisini kwake, wasichana kama ishirini, akatupa mafunzo ya nusu saa: jinsi ya kupiga deki, kusema naam madam, kutomtazama bosi usoni. Mwisho akainua kidole. "Na mkikuta Mnigeria, shikeni mikoba yenu. Lisemwalo lipo!"

Tukacheka. Mzee Chombo hakuwahi kumwona Mnigeria ila kwenye filamu. Tena ni yeye aliyeniambia nakwenda kufua mashuka ya hospitali, nikafika nikakabidhiwa nyumba ya watu kumi na mmoja na vyoo sita. Mwongo alitufundisha kuogopa waongo, nasi tukaitikia. Lile neno nililimeza zima zima, kama kidonge.

Riyadh nilifanya kazi mwaka na nusu kwa madam Hessa. Kisha mamake, aliyekuwa akikaa Jeddah, akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Madam akanifungasha pamoja na masanduku yake, tukaenda kumuuguza. Bibi huyo kila mtu alimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa. Kwake nikamkuta mfanyakazi mwingine, mwanamke mrefu mwenye chale ndogo mashavuni, mkubwa wangu kwa miaka kumi hivi.

"Mimi Ladi," akasema. "Kano, Nigeria." Akasita kidogo, akaongeza upesi, "Lakini mimi sina shida na mtu."

Sasa nani alikuwa amemuuliza? Nikajisemea moyoni, haya, ndiye huyu. Usiku ule pochi yangu nikailalia.

Mwanangu, yule mwanamke alikuwa na tabia zilizonichekesha. Kila alipotoka stoo ya chakula alisimama mbele ya madam, akakung'uta baibui, akageuza mifuko nje, hata kama hakuna aliyemwambia. Nilimwuliza tukiwa jikoni, kwa kile Kiarabu chetu cha kuungaunga, mbona anajidhalilisha hivyo.

"Sista, wewe ukivunja kikombe, umevunja wewe," akaniambia. "Mimi nikivunja kikombe, imevunja Nigeria nzima. Jina la nchi yangu hufika mlangoni kabla yangu. Likishafika, mimi nabisha hodi nimeshahukumiwa."

"Basi wenzako waache wizi."

"Haba!" akaruka kwa Kihausa chao. "Wenzangu gani? Mamangu ni mkunga. Babangu alikuwa akifuma kofia. Hao wezi unaowajua wewe, niletee niwaone, maana mimi sijawahi kukutana nao."

Tabia ya pili ilihusu umeme. Kwao, alisema, taa huja kama mgeni asiyeaga. Ikija, mtaa mzima hupiga kelele za furaha, watu hukimbilia pasi, pampu na simu, kwa sababu baada ya saa moja haipo tena. Kwa hiyo hata pale Jeddah, ambako taa haizimiki, Ladi alipiga pasi nguo za wiki nzima kwa siku moja na simu yake aliichaji hata ikiwa imejaa. Na kila alipopita karibu na soketi aliigusa kwa mgongo wa mkono, kisha akanusa. Ndivyo walivyozoea kwao: umeme ukirudi kwa kishindo huunguza waya, na asiyenusa mapema hulala ndani ya moto.

"Unainusa kama mchuzi," nikamtania.

"Nacheka nawe, lakini hii ya chumba cha Mama Kabira ina homa."

"Nyinyi mmezoea giza, ndiyo maana mwangaza unawatisha. Kwetu Kenya taa haikatiki hata dakika."

Nilisema hivyo, mimi! Mimi niliyezaliwa na kulelewa kwenye koroboi, nguzo za stima zikipita juu ya paa letu kwenda kwa wengine. Lakini ukiwa ugenini unaona raha kuwa na mtu wa kumdharau. Nyani haoni kundule.

Hiyo soketi iliyokuwa na homa ilikuwa nyuma ya kitanda cha bibi. Kaka yake madam, Fahad, ndiye aliyeleta fundi wa bei rahisi akaunga kiyoyozi kipya kwenye waya mkuukuu. Huyo naye namtaja. Nami nikaongeza langu: nilichomeka ekstensheni pale pale, nikaweka chetezo cha umeme cha kufukizia udi na birika la kuchemshia maji, kwa sababu nilichoka kupanda na kushuka ngazi na chai ya mgonjwa. Ladi aliniona. Akachomoa. Nikachomeka tena. Akachomoa, akaniambia, "Sista, utatuua." Nikachomeka tena ili nimwonyeshe kwamba hanitawali.

Basi Ijumaa hiyo madam na Fahad walikwenda kula kwa jamaa zao. Tulibaki watatu, bibi akiwa amelala. Mimi nilikuwa nakunja nguo ukumbini juu, mara nikasikia harufu. Ilikuwa kama nywele zilizoguswa na moto, kisha kama mpira. Niliisikia, mwanangu. Nakuapia niliisikia vizuri. Kabla sijasimama, Ladi alikuwa ameshashuka mbio hadi kisanduku cha umeme kando ya mlango wa jikoni. Nikachungulia ngazini nikamwona akiivuta swichi kubwa chini. Nyumba ikanyamaza.

Joto la Jeddah halikusubiri. Bibi akaamka akitokwa jasho, akaanza kulia, akampigia mwanawe simu kwamba watumishi wamemzimia hewa. Madam na Fahad wakaja wakikimbia.

"Nani amezima?"

"Mimi, madam," Ladi akasema. "Waya unaungua nyuma ya kitanda. Tafadhali mtoeni Mama kwanza, halafu muite fundi."

Fahad akanusa hewa. Madirisha nilikuwa nimeshayafungua, harufu imetoka. Akasema hakuna kitu, hata nyuma ya kitanda hakuchungulia. Akamuuliza Ladi kama anamtukana fundi wake. Ndipo madam akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwa juu. Umesikia harufu?"

Ladi akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwa kuwa alijua nilikuwa pale pale. "Sema, sista. Waambie."

Nikaiona ekstensheni yangu akilini, na chetezo, na birika. Nikaona watakavyouliza ni nani aliyechomeka. Na nyuma ya woga huo, mwanangu, kulikuwa na kidole cha Mzee Chombo kikinipa njia ya kutokea. Nikasema, "La, madam. Sikusikia harufu yoyote. Nilimwona tu amesimama kwenye kisanduku."

"Nigeria," madam akasema. Neno moja tu, likatosha.

Wakapekua sanduku lake. Ndani wakakuta taa nne za kuchaji, mabetri yaliyofungwa kwa raba na mzingo wa waya. Fahad akaziinua juu kama mtu aliyekamata bunduki. "Tazama! Za kuharibia umeme hizi!" Ladi akawaeleza kwamba ni zake, kanunua madukani Karantina, risiti ziko ndani ya msahafu. Mamake huzalisha wanawake gizani, tochi kaiuma kwa meno ili mikono yote miwili ipokee mtoto. Taa hizo zilikuwa zikingoja mtu anayekwenda Kano. Nani wa kumsikiliza? Risiti hazikutazamwa. Askari wakaitwa. Alipopita mbele yangu akakung'uta baibui na kugeuza mifuko, kama kawaida yake, mbele ya askari. Nikatazama sakafu.

Fahad akaurudisha umeme.

Haikufika saa moja. Nilikuwa nampa bibi maji nikaona ukuta nyuma ya kitanda unatoa moshi, mara pazia likashika moto. Nilishtuka hata nikasahau lugha zote; nilipiga ukemi kwa Kigiriama. Nikambeba yule bibi mgongoni na nyonga yake mbovu, akinipigia makelele sikioni, tukatoka. Mkono huu unaouona umekunjamana ndipo ulipoungulia. Chumba kizima kikateketea.

Nikadhani sasa ukweli umejitokeza, hauhitaji tena mdomo wangu. Sikia sasa kilichonishtua kuliko moto. Madam alisimama barabarani, masizi usoni, akawaambia majirani, "Mnaona? Yule Mnigeria aliutega moto kabla hajaondoka." Na majirani wakatikisa vichwa. Mwanamke aliyetaka kutuokoa akawa ndiye mchomaji, na moto wenyewe ukawa ushahidi dhidi yake! Nami nikasifiwa kwa kumbeba bibi. Madam akanikumbatia.

Siku nne nilikaa na sifa hizo. Siku ya tano, hospitali alikolazwa Mama Kabira tangu moto ule, nikapiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia yote: ekstensheni, harufu, na uongo wangu. Bibi akachukua simu, akamwamuru Fahad aende polisi akafute mashtaka. Fahad akajibu, nami namsikia, kwamba hakuna cha kufuta. Ladi alikuwa ameshasafirishwa asubuhi ile, kwa nguo alizovaa, na jina lake limeandikwa asikanyage tena nchi ile.

Bibi akaiweka simu kifuani. "Wewe ni wa nchi gani?" akaniuliza, kana kwamba hajawahi kujua.

"Kenya, Mama."

"Aah," akasema. "Basi Wakenya ndivyo mlivyo."

Baada ya wiki moja nami nikarudishwa Riyadh, na kutoka Riyadh nikapandishwa ndege. Nasikia jamaa zao wote waliapa kutochukua tena Mkenya. Sijui ni dada zako wangapi waliokosa kazi njema kwa ulimi wangu. Na Ladi sikumpata tena. Nimeuliza kwa Wanigeria kadhaa. Wa Kano ni wengi, na Ladi ni wengi.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Wazee walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hiyo iache sokoni kwa wauza samaki, usiwapimie watu. Ukiambiwa kabila fulani wezi, taifa fulani wachawi, mtazame mtu mikono yake inafanya nini. Usijivunie nchi yako kwa kuitukana ya mwenzako. Kwenu pia kuna giza, hata kama nguzo zinapita juu ya paa. Na ukiulizwa umeona nini, sema ulichoona saa ile ile, ingawa kosa litakuangukia wewe. Ukweli uliochelewa siku tano nilifika nao hospitali, ndege imeshaondoka. Wa kulaumiwa nimekutajia: Mzee Chombo, Fahad, madam Hessa. Lakini hao hawakunusa. Aliyenusa ni mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaobisha hodi, afike kabla ya jina la nchi yako. Akupe bosi mwenye huruma na mwenzio wa kweli jikoni. Na siku mwenzio huyo atakapokutazama akisema "waambie", Mungu aufungue mdomo wako. Amina.