Bi Winnie na Majina ya Manowari Hebblewick

Mji wetu wa Skelbrough uko mbali na bahari hata samaki tunawajua wakiwa wamevikwa unga tu. Lakini manowari tunayo. Wakati wa vita kila mji uliambiwa uchangie manowari na kuiita yake. Nasi wafuma sufu tukachanga, tukapewa Hebblewick. Hakuna aliyewahi kuiona. Tuliifumia soksi za mabaharia, ikazama nazo.

Vita vilipokwisha tukaisimamishia jiwe pale sokoni, tukabandika bamba la shaba lenye majina ya waliozama, kwa mpangilio wa alfabeti. Wa kwetu alikuwa mmoja tu, Clem Ackroyd, kwa hiyo akakaa juu kabisa. Dada yake, Bi Winnie Sugden, mfumaji wa kiwanda cha bondeni, ndiye aliyejipa kazi ya kulisugua bamba. Kila Jumamosi alikuja na kitambaa na kopo la dawa ya kung'arishia shaba, akasugua mpaka kwapa likalowa.

Tatizo ni kwamba Bi Winnie ni mfupi. Mkono wake uliishia katikati ya bamba. Ngazi aliikataa: mwanamke wa Skelbrough hapandi ngazi sokoni amevaa sketi. Basi huko juu pakawa peusi kama sufuria ya mseja, na huku chini pakang'aa hata ukaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Tulimsifu. Kusoma hatukusoma, nani husoma bamba la mji wake mwenyewe?

Ndipo mwaka huu, siku ya kumbukumbu, akaja Bibi Yelland kutoka Plymouth, mjane wa fundi wa injini wa Hebblewick. Hakuwa amewahi kufika kwetu. Alivua glavu, akainama, akapapasa chini ya bamba.

"Atakuwa hapa," alisema. "Sisi akina Yelland huwa wa mwisho kila mahali."

Vidole vyake viliteleza. Hapakuwa na herufi hata moja.

Bwana Crabtree, mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu, ambaye vita vyote alivipigana akigawa kadi za mgao wa sukari, alikohoa. "Ni mvua zetu, mama. Moshi wa viwanda umezitia ukali. Zimekula shaba."

"Mbona huyu Ackroyd wa juu hazikumla?"

"Maji huteremka, mama."

Kabla hajajibiwa, saa ya kanisa ikagonga na sote tukainamisha vichwa kwa kile kimya cha kuwakumbuka wafu. Kwetu, mtu akikohoa katikati yake watoto wake watakosa wachumba.

Lakini wanawake wa viwandani huzungumza bila sauti. Mitambo inapiga kelele hata radi isingesikika, hivyo walijifunza kusema kwa midomo mitupu. Katika kimya kile niliiona midomo ya Bi Winnie ikimwelekea rafiki yake Ivy Hepworth, upande wa pili wa jiwe.

"Si mvua. Ni mimi."

"Najua, shoga. Funga domo lako."

"Nimemfuta mume wa watu."

"Mvua imekubali kubeba. Iache ibebe."

Wafumaji wote waliyasoma maneno yale, na shingo zikaanza kuiva kwa wekundu mstari mzima. Bibi Yelland peke yake ndiye hakujua kitu. Alikuwa amefumba macho, kidole bado kimebaki pale palipo laini.

Tarumbeta ilipolia kumaliza kimya, Bi Winnie akamsogelea. "Si mvua, bibi. Nilimsugua mimi. Na Ackroyd ni kaka yangu. Najua inavyoonekana."

"Wa kwako ukamwacha."

"Sikumfikia."

"Huku hamna ngazi?"

"Niliona haya kupanda na sketi," alisema Bi Winnie. Jambo ambalo sote tulilijua na kulikubali, lilipotamkwa mbele ya mjane yule lilinuka.

Bibi Yelland aliondoa kidole kwenye bamba. "Umemsugua miaka yote hii. Jina lake la kwanza nani?"

Midomo ya Bi Winnie ilifunguka. Safari hii haikusema kitu, hata kwa wafumaji.

"Reuben," alisema mjane. "Alikuwa na meno mabaya. Akicheka alijiziba mdomo." Akavaa glavu, akaenda kutafuta basi lake.

Kamati imeahidi bamba jipya, na Bwana Crabtree bado anaitaja mvua. Bi Winnie amekiacha kitambaa nyumbani. Jumamosi husimama pale mikono mitupu, na mgeni yeyote akisita tu mbele ya jiwe humwonyesha sehemu ile laini.

"Hapa alikuwa Reuben Yelland. Akicheka alijiziba mdomo. Hawa wengine nimewafuta mimi, na siwajui."

Sisi tuliomsifu kwa mng'aro wake tunapita ng'ambo, tukijifanya tunauliza bei ya vitunguu.