Mke Wangu Hakuharibu Viunzi Vile

Mke wangu aliosha bunduki miaka kumi na minane. Karakana moja, meza moja. Ukimwambia mtu hivyo anacheka. Acheke.

Alianza pale kama mfagizi. Mimi nashona viatu, kibanda changu kiko mtaa wa pili. Siku moja fundi mkuu wa wakati ule alimkuta ameshika kiunzi cha bastola, kile kiwiliwili kinachoshikilia mtutu, anakigeuzageuza.

"Mama, hicho si sahani."

"Najua. Sahani ingekuwa safi."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata mke wangu akapewa meza.

Baadaye ikaja mashine. Ni beseni tu la maji, lakini ndani yake mna kitu kinachotikisa maji kwa mawimbi ya sauti, na uchafu unatoka hata kwenye vitundu visivyofikiwa na brashi. Inalia nzzz. Wakaiita Nyuki. Wengi waliona Nyuki anajua kazi mwenyewe. Mke wangu alisema Nyuki hana macho.

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu, na hakuuvunja. Kwanza bunduki ikaguliwe, isiwe na risasi, na chumba kile risasi haiingii hata moja. Kisha sumaku. Kila kipande alikigusa kwa sumaku. Kikinasa ni chuma, kapu hili. Kisiponasa, alumini, kapu lile, peke yake. Maana vyote vimetiwa rangi nyeusi, na jicho linadanganyika. Alumini aliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Dakika tatu, anatoa, anatazama. Bado? Anarudisha kidogo. Kapu linaning'inia, haligusi chini. Halafu maji safi, kitambaa, kukausha mpaka ndani ya vitundu, tone la mafuta.

"Alumini ina ngozi," alikuwa akiniambia tukila. "Ukiichuna, haioti tena."

Namwambia, mama, niache nile. Mjinga mimi.

Homa ilimchukua kwa siku tano, tukamzika.

Wiki ya sita baada ya mazishi nilikwenda karakana kuchukua aproni yake na kikombe. Karani wa pale, dada mmoja mpole, alinipa, akabaki anatazama sakafu.

"Baba, kuna barua. Afadhali uisikie kwangu."

Akanisomea. Bosi anaiandikia kampuni ya walinzi. Bastola zao sita zimeoshwa, viunzi vimetoka vya kijivu, vina vishimo kama vimeliwa na wadudu. Chanzo ni dawa iliyochanganywa vibaya na "mfagizi wetu, ambaye sasa ni marehemu". Tarishi anakuja kuichukua saa nane.

Mfagizi. Miaka kumi na minane, mfagizi.

Niliingia ofisini bila kubisha.

"Shikamoo mzee," akasema bosi.

Sikuitikia. Sijawahi kumnyima mtu itikio. Huyo nilimnyima.

"Pole sana na msiba, mzee wangu. Kaa..."

"Hiyo pole iweke mfukoni. Nani alichanganya dawa?"

"Mzee, tusiwaseme waliotangulia."

"Wewe umemsema kwa mashine ya kuchapa!"

Akanipeleka chumba cha kuoshea, nadhani ili nipunguze sauti. Kwenye kiti cha mke wangu alikaa mpwa wa bosi, mwanaume mzima mwenye ndevu na miwani. Wanamwita Profesa. Kwa ile miwani tu.

"Dawa niliikuta kwenye beseni, ya bibi," akasema Profesa.

"Wiki sita hujamwaga maji?"

"Nimekuwa naongeza."

"Unaongeza nini?"

"Maji."

Chini ya meza palikuwa na kopo la soda kali, ile ya kuzibulia mabomba. Nusu limekwisha. Nikalivuta kwa mguu.

"Na hili? Bomba gani limeziba hapa?"

Profesa akavua miwani, akaifuta.

Chupa ya sabuni laini ya mke wangu ilikuwa bado rafuni juu, imefungwa, ina mwandiko wake. Nikamwomba karani ile karatasi ya alumini aliyofungia mkate wake. Nikaichana vipande viwili. Nikamwambia Profesa avae glavu, afungue dirisha, achote kikombe kimoja kwenye beseni na kingine kwenye chupa. Kipande hiki huku, kipande kile kule.

Tukasubiri. Kwenye kikombe cha mke wangu, kimya, alumini imelala inang'aa. Kwenye kikombe cha Profesa mapovu yakaanza, madogo, halafu mengi, na karatasi ikafifia mbele ya macho yetu.

"Uliweka ya nini?" bosi akamuuliza.

"Masizi ya mitutu yaligoma, mjomba. Na viunzi vyeusi, mitutu myeusi. Nikajua vyote chuma."

"Ukaviacha muda gani?"

"Nilitoka kidogo, kunywa chai."

"Chai yake ni saa nzima," akasema karani mlangoni.

Nilidhani yamekwisha. Bosi akanishika bega.

"Mzee, tumeelewana. Lakini barua tuiache hivyo hivyo. Huyu ana watoto watatu, walinzi wakijua watataka nimfukuze. Yule mama ameshapumzika. Haimdhuru kitu."

Nilitoa mkono wake begani mwangu.

"Kumbe mke wangu ni jalala? Mwenye uchafu anakuja, anamwaga?"

"Usikasirike, mzee."

"Nimeshakasirika. Sasa andika."

Nikakaa sakafuni, katikati ya mlango wa mbele. Tarishi akija aniruke. Wateja wawili waliniruka. Bosi alizunguka chumba, akapiga simu, akakata. Saa saba na nusu karani akaanza kuchapa, bila kuambiwa. Bosi alimtazama, akanitazama mimi, akakaa.

Nikasomewa. Kosa ni la karakana, soda kali imetiwa kwenye alumini, marehemu hahusiki. Palikuwa bado na lile neno mfagizi.

"Toa. Andika fundi."

Akachapa tena. Bosi akatia saini, kalamu ikatoboa karatasi. Tarishi akaondoka nayo.

Profesa alinifuata nje. "Mzee, samahani. Ile sabuni yake, kiasi gani kwa maji kiasi gani?"

Nilitaka kumtukana. Tusi lilishafika mdomoni. Lakini bastola zile wanazibeba watu, nao wana wake nyumbani. Nikamwambia kama mke wangu alivyokuwa akiniambia tukila, mara moja, kwa ukali, akaandika kiganjani kwa kalamu.

"Asante, baba."

Sikuitikia hiyo pia. Hasira haijaisha hata leo, na sitaki iishe upesi.