Pete ya Mwanga Juu ya Bibokoboko

Kuna asubuhi moja ya kiangazi naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya upya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mdomo mrefu kuliko akili.

Baba yetu alikuwa amefariki, na mtumbwi wake umelala mchangani hapa Baraka. Kwetu, mtumbwi wa marehemu haukurudi ziwani mpaka wanawe wakubaliane nani atashika kasia la nyuma, lile la kuongoza. Mimi nilikuwa mkubwa. Mdogo wangu Ramazani alikuwa mvuvi hodari kuliko mimi, na hilo nililijua, ingawa hata ungenichoma moto nisingelisema. Tulinuniana miezi miwili. Baba zetu wadogo wakatuacha: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mama ndiye aliyelia.

Ni yeye aliyetutuma wote wawili juu mlimani Bibokoboko, tumpelekee Koko, bibi mfugaji aliyekuwa rafiki wa baba, ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwa letu. Tukalala kwake. Asubuhi tukasimama ukingoni mwa mlima, karibu na zizi. Wakati wa kiangazi ukungu hujaa bondeni kama maziwa ndani ya kibuyu. Jua lilipochomoza nyuma yetu, vivuli vyetu vikaangukia ukungu ule, na kichwa cha kivuli changu kikazungukwa na pete ya rangi, nyekundu kwa nje, buluu kwa ndani. Nikatazama kivuli cha Ramazani. Hakikuwa na kitu.

Nikapiga kelele: "Unaona? Mungu ameshachagua! Mutumbwi ni yangu!"

Ramazani aligeuza macho kutoka kwenye ukungu. "Sawa, yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. "Mi nitaenda Misisi, kwa mashimo ya zahabu."

Moyo wangu ulishtuka, maana vijana wengi waliokwenda kule hatukuwaona tena. Lakini kiburi kikanifunga mdomo.

Koko alikuwa akikamua ng'ombe. Akaacha. "We mukubwa, umeuliza mudogo yako ye anaona nini?"

Sikuwa nimeuliza.

"Sema, mutoto," akamwambia Ramazani.

Ramazani akatazama chini. "Mi naona pete kwa kichwa yangu. Kwa kichwa ya yaya haiko. Nilinyamaza sababu ye ni mukubwa."

Koko akacheka mpaka ndama wakaruka. "Kila muntu anaona yake tu! Hii mwanga iko vile tangu zamani. Batoto ya ziwa, munajua samaki tu."

Sikucheka, mwanangu. Nililia, mtu mzima mimi, mbele ya ng'ombe. Mdogo wangu aliiona pete yake akanyamaza kwa heshima, na mimi nilitaka kumfukuza kwa ajili ya yangu. Nikamwambia kasia la nyuma ni lake, mimi nitavuta nyavu. Tulivua pamoja miaka mingi, naye hakuona mashimo ya Misisi.

Basi sikiliza. Neema yako utaiona wazi. Ya mwenzako hutaiona, hata mkisimama bega kwa bega. Usiseme hana. Muulize, kuuliza si ujinga, na ukiwa mkubwa uwe wa kwanza kuuliza, kwa sababu mdogo atanyamaza.

Mungu akupe ndugu wa kukuambia anachokiona, mwanangu, na akupe moyo wa kumwamini.