Oili Niliyommwagia Lawama Abu Sari

Gia iko kwenye D. Mguu uko kwenye mafuta. Injini inanguruma kama fahali.

Na gari linarudi nyuma!

"Qutayba! Breki!" Mama alipiga kelele.

Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Nyuma yetu lori la matikiti lilipiga honi hadi masikio yakaziba.

Tulikuwa katikati ya mlima, hapa mjini kwetu Al-Salt, saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne kamili mlango wa chumba cha mtihani wa taifa unafungwa. Ukichelewa, imekula kwako.

Mtahiniwa hakuwa mimi. Alikuwa mama yangu, Fawziyya, miaka hamsini na miwili. Aliachishwa shule akiwa na kumi na sita, akaozwa. Baba alipofariki, akanunua vitabu.

Siku ile ilikuwa Kiingereza.

Teksi zote zilipita zimejaa. Kutembea? Magoti yake hayauwezi mlima ule.

"Huyu Abu Sari huyu," Mama alisema. "Kaharibu gari la marehemu, na bado ananisalimia!"

Mimi macho kwenye kioo.

Wadau, Abu Sari, fundi wetu wa miaka yote, alibadilisha breki tu. Giaboksi niliigusa mimi, kwa siri, nikijifanya mjuzi. Muuza duka la vipuri aliniambia, "Chukua oili hii, ndiyo ya magari ya kisasa." Nikaona ghali ndiyo bora. Gari la mwaka tisini na sita nikalimiminia oili nyepesi kama chai ya rangi.

Gia zilipoanza kuteleza, nikamsingizia fundi. Kwa Mama. Kwa majirani. Mpaka kwa kinyozi.

Mama akafungua droo ya gari, akatoa kile kitabu kilichokuja na gari. Cha Kiingereza. Nyumbani hakuna aliyewahi kukisoma.

Kidole kikafuata mistari, midomo ikitamka polepole.

"Hapa kwenye oili ya giaboksi. Wanasema Dexron namba tatu. Hiyo tu, msiweke nyingine." Akainua uso. "Abu Sari aliweka ipi?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikataa.

"Hakuweka yeye, Mama. Niliweka mimi."

Hakunitukana. Alinipa simu yake. "Mpigie. Mwambie hivyo hivyo."

"Abu Sari? Ami, ni Qutayba. Nilikusingizia. Oili niliweka mimi, ile ya magari mapya. Tumekwama mlimani na Mama ana mtihani."

Nikasikia spana ikiwekwa chini.

"Zima injini," alisema. "Oili hiyo ikipata moto inazidi kuwa nyepesi, gia hazishiki. Iache ipoe dakika kumi. Kisha weka L, gia ya chini, upande mlima kama umebeba mayai."

"Dakika kumi? Ami, tutachelewa!"

"Unajua kuliko mimi tena?"

Nikazima.

Dereva wa lori alishuka amefura, tayari kunirarua. Akamwona Mama na daftari lake, anarudia vitenzi kwa sauti ndogo. Akageuka, akatafuta mawe, akayaweka nyuma ya magurudumu yetu.

"Soma, mama," alisema. "Hawa wanaopiga honi niachie mimi."

Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko matanga.

Nikawasha. L. Gari likatetemeka, likasita, likashika.

Saa nne kasoro dakika mbili Mama alishuka, akapanda ngazi za kituo cha mtihani akishikilia ukuta. Hakunigeukia.

Alasiri nilikuwa gereji. Abu Sari alimwaga oili, akatia iliyoandikwa kitabuni, akawasha injini izunguke, akamwaga tena. Mara tatu, maana mara moja haitoki yote.

Nikadhani yameisha. Nikaaga.

"Wateja watano wamenikimbia kwa mdomo wako," alisema akifuta mikono. "Oili nimebadilisha. Hayo mengine kabadilishe wewe."

Nilipita nyumba hadi nyumba, kichwa chini, nikikiri kuwa oili niliweka mimi. Watatu walirudi kwake. Wawili, mpaka leo, hawajarudi.

Mama alipata themanini na moja kwenye Kiingereza. Hesabu anarudia mwakani.

Mwenye gari la zamani, soma kitabu chake kabla hujamimina chochote. Bei haijui gari lako. Na ukikosea, sema mapema, ukiwa bado kwenye tambarare.