Mbawakawa Waliong'arishwa kwa Dawa ya Viatu

Harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ikinipata popote, hata kanisani kwenye koti la mzee wa watu, mimi hukunja uso. Wajukuu wangu hudhani naumwa. Siumwi. Harufu ile hunirudisha kwenye nyumba moja ya matofali juu ya kilima cha Kyambogo, chumba cha nyuma, meza ndefu iliyosimamishwa miguu yake minne ndani ya makopo ya maji na mafuta ya taa ili sisimizi wasipande. Juu ya meza, masanduku ya viatu na viberiti vitupu. Ndani ya viberiti, mbawakawa, wale wadudu wenye mgongo mgumu kama kifuniko cha chungu. Na mbele ya meza, kwenye kiti ambacho mpaka leo nasema kilikuwa changu, amekaa Adong.

Adong alikuwa binti wa baba yangu mdogo. Vita vya kuingia Kampala vilikuwa vimekwisha, watu wakaanza kupaka kuta chokaa kuziba matundu ya risasi, lakini kwetu kaskazini moto ulikuwa ndio kwanza unawashwa. Akaletwa kwetu kwenye kambi ya polisi, chini ya kilima, hana baba, hana mama, ana gauni moja na kikohozi. Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona. Mama alimpa nafasi yangu ya mkekani, ile ya ukutani isiyopigwa na baridi. Akila polepole aliongezwa mchuzi. Nikila polepole mimi naulizwa kama chakula kina mfupa. Nilikuwa mtoto, lakini mtoto ana macho. Nilijua anayependwa na anayevumiliwa.

Sasa huyo mwenye nyumba ya kilimani. Tulimwita Madam Nambi, mwalimu wa chuo, mwanamke mrefu asiye na mume wala mtoto, kazi yake kufundisha habari za wadudu. Wakati wa vita makabati yake yalivunjwa yakawa kuni, na wadudu aliowakusanya tangu ujana wake wakamwagwa uani, kuku wakala. Alikuwa anaanza upya kwa mikono mitupu. Mimi ndiye niliyemgundua. Tuelewane hapo. Mimi ndiye niliyempelekea mbawakawa wa kwanza, dume lenye pembe puani kama kifaru, nililolikamata kwenye taa ya lango la kambi. Akanikaribisha ndani. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, halafu Mama akanilazimisha nimchukue na Adong, asibaki nyumbani akilia. Nikamchukua. Nilimpeleka mwizi kwenye ghala kwa mkono wangu mwenyewe.

Madam alitufundisha kazi kwa vitu vya kuokota. Mdudu akishakufa unamkausha kivulini, si juani, maana juani anakuwa kama kaukau, ukimgusa anapasuka. Kisha unakata karatasi ya gazeti, unaikunja pembe tatu kama sambusa, unamlaza mle ndani, unakunja mdomo. Sambusa hiyo inaingia kwenye kiberiti. Viberiti vinapangwa ndani ya sanduku la viatu, na kila pengo linajazwa maranda ya mbao yaliyoanikwa mpaka yakauke kabisa. Tuliyaleta kwa gunia kutoka kwa maseremala wa Kawempe. Mwisho unatia kidonge kimoja cheupe kilichofungwa kwenye kitambaa, unafunika, unafunga kamba ya mgomba. Adong alipenda ile kazi ya kukunja. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, havina papara. Madam alipita nyuma yake akamgusa bega. Mimi nilikunja sambusa zangu nikisikiliza kama nitaguswa bega.

Ndipo Madam akasema neno lake. Alitaka kupeleka wadudu kwa mwalimu mwenzake Mbale, na hakuamini barabara, maana barabara ya siku zile ilikuwa mashimo na vizuizi vya askari. Akasema kila mmoja wetu afungashe sanduku lake, apewe kondakta wa basi, liende Mbale na kurudi bila kufunguliwa. Ambaye wadudu wake watarudi wazima, huyo atakaa naye nyumbani, amsaidie kazi, naye atamsomesha hadi atakapochoka mwenyewe. Adong alitazama sakafu. Mimi nilitazama kile kiti. Nilikuwa darasa la nne, na Baba alikuwa ameshatangaza kwamba mshahara wa polisi utasomesha wavulana kwanza, sisi tuone baadaye. Nilijua baadaye ya Baba ni nini. Kwa hiyo msione ni mchezo wa watoto na wadudu. Sanduku lile lilikuwa maisha yangu.

Mtoto wa polisi anajua jambo moja: kitu kikienda mbele ya mkubwa, king'ae. Mimi ndiye niliyekuwa nang'arisha buti za Baba kila siku ya ukaguzi, na bamba la mkanda wake, na afande mmoja alishawahi kusimama mbele ya Baba na kusema anaona meno yake kwenye zile buti. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikachukua mbawakawa wangu, wazuri kuliko wa Adong, nikawapaka weusi dawa ya viatu, na wale wa kijani nikawapaka mafuta ya simsim, ule ufuta wa kwetu kaskazini, aliyotupaka Mama tukienda kanisani. Nikawasugua na kitambaa, mmoja mmoja, mpaka wakawaka kama gwaride. Karatasi ya gazeti niliiona haifai kwa wageni wa namna hiyo. Nikapasua mto wa kulalia, nikatoa sufi, nikawalaza humo, wamezama, wamestarehe. Adong alifanya alivyoambiwa. Mimi nilifanya zaidi ya nilivyoambiwa, na nani aliwahi kuadhibiwa kwa kufanya zaidi?

Masanduku yaliporudi, Madam aliyaweka mezani bega kwa bega. Akafungua la Adong kwanza. Maranda, viberiti, sambusa. Akakunjua moja baada ya nyingine, na kila mbawakawa alikuwa mwenye miguu yote, mchafu kidogo, amelala kama alivyolazwa. Akafungua langu. Mungu wangu. Mmewahi kumwona kifaranga siku anapotoka kwenye yai? Ndivyo walivyokuwa. Mafuta yamekamata sufi, sufi imeingia kwenye kucha, imezunguka shingo, imeziba macho. Madam akashika uzi mmoja kwa kibanio, akavuta taratibu. Ukaja na mguu. Akavuta mwingine. Ukaja na kichwa.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Akello mwanangu, nani alikuambia wanataka kung'aa?"

Nikamjibu, "Baba."

Alicheka, na kicheko kile nilikichukia zaidi ya kiboko. Jumapili iliyofuata Adong alikunja mkeka wake akapanda kilima. Mama alilia, akamfungashia karanga. Mimi nilirudi kwenye nafasi yangu ya ukutani, na nilikuta haina joto nililolikumbuka. Baadaye ya Baba haikufika. Adong akawa anakuja kututembelea na soksi nyeupe, anaongea Kiingereza na kaka zangu, na Mama anamwekea paja la kuku. Wivu ule niliulea kama mtoto wa mgongoni. Nilitembea nao, nilipika nao, niliolewa nao.

Siku hizi watoto wa Kampala wakimwona mbawakawa wanapiga kelele, na viberiti hakuna anayeviokota. Adong ni mwalimu mkubwa, ana makabati ya kioo na masanduku yenye godoro ndani, ya kununua. Mimi ni mwuza nyanya wa soko la Nakasero, na nyanya ninazofungasha mimi hufika Juba bila hata moja kupasuka, ulizeni. Nimesomesha wanangu wote, wasichana kwanza. Wajukuu wangu siwahesabu, naogopa kuwaroga. Krismasi iliyopita Adong alikaa jikoni kwangu, hana mume wala mtoto, kama Madam wake alivyokuwa, na hao wajukuu wamenipanda mgongoni mimi bibi yao, huyu jaja hivi, huyu jaja vile. Akawatazama. Kisha akasema, "Dada, kule juu jioni nilikuwa nafunga madirisha ya Madam, namsikia Mama kule chini kambini anakuita ukaoge. Kila siku. Nilikuwa nakuchukia mpaka tumbo linauma."

Mtu mwema angemkumbatia. Mimi nilimwongezea chai, nikakaa karibu naye, na sitawadanganya: nilifurahi. Miaka yote hiyo nilidhani ninaumwa peke yangu.